Hofu Juu ya Ubao

Msomaji, mambo mengi ya kuogofya humjia mtu bila ya kuyataka, lakini iko hofu moja ambayo mtu huitafuta kwa hiari yake mwenyewe. Hiyo ni hofu ya hadithi. Mtoto aliyetishwa na zimwi jana usiku, leo jua likichwa humwomba bibi yake amrudishie zimwi lile lile. Hujisogeza karibu na moto, hushika nguo ya dada yake, hutetemeka. Na hadithi ikiisha, huomba nyingine. Hofu ya namna hii si upuuzi. Humzoeza mtu kuitazama hatari akiwa bado salama, ili siku atakapokutana nayo njiani asipotewe na akili.

Katika insha hii nataka tuchunguze pamoja namna moja mpya ya kusimulia hofu, nayo ni mchezo wa mezani. Siku hizi wako vijana wa Nairobi, hasa katika mitaa ya magharibi kama Westlands, Kilimani na Lavington, ambao hukusanyika jioni kuizunguka meza. Hutandaza ubao wenye ramani, karata, dadu na sanamu ndogo ndogo, wakapambana si wao kwa wao, bali wote kwa pamoja na jinamizi lililomo mchezoni. Swali letu ni hili: je, mchezo huo ni hadithi? Na kama ni hadithi, ni hadithi njema?

Haifai kujibu kwa mapenzi wala kwa chuki. Tutumie mizani, na mizani yangu ina mawe matatu. Kwanza, hadithi njema huunganisha mambo kwa sababu, hili likazaa lile. Pili, huwafanya wasikilizaji wawe washiriki. Tatu, humpa kila mtu aliyemo ndani yake jina na haki yake. Zingatia sana jiwe la tatu, kwa kuwa ndilo zito kuliko mengine, na historia ya Nairobi itatuonyesha sababu.

Michezo ya ubao si migeni kwetu. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, yapo mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba. Waluo wanao mchezo wao wa ajua, Wakikuyu wana giuthi, na watu wa pwani wana bao lenye mashimo 32 na kete 64. Bao la pwani halina dadu. Kila mchezaji huzihesabu kete zake, huilinda nyumba yake, naye akishindwa hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Ni mchezo wa akili tupu. Lakini bao lenyewe halisimulii kitu. Maneno hutoka vinywani mwa wachezaji na watazamaji, wakitaniana na kutambiana.

Wahindi wana mchezo wa kale ambao sisi tunauita nyoka na ngazi. Hapo zamani ulikuwa somo la dini na maadili: ngazi zilikuwa fadhila zinazompandisha mtu, na nyoka walikuwa dhambi zinazomteremsha. Waingereza waliuchukua mwishoni mwa karne ya 19, wakautengeneza upya kwa watoto wao, na hatimaye ukaenea duniani kote. Hapa ubao umeanza kusema. Ipo njia, uko mwisho unaotamaniwa, na yupo nyoka anayetisha karibu kabisa na mwisho huo. Walakini mchezaji hana hiari hata kidogo. Dadu ndilo linaloamua kila kitu. Bao, basi, lina hiari bila ya hadithi, na nyoka na ngazi ina hadithi bila ya hiari. Michezo ya kutisha ya siku hizi imejaribu kuviunganisha hivyo viwili.

Chimbuko lake ni Marekani. Mwandishi mmoja wa huko, H. P. Lovecraft, aliyefariki mwaka 1937, aliandika hadithi za kutisha zenye wazo moja kubwa: kwamba ulimwengu una nguvu za kale zisizomjali mwanadamu, na kwamba mtu akizijua, akili yake huvunjika. Hadithi yake mashuhuri, iitwayo The Call of Cthulhu, ilitokea gazetini mwaka 1928. Mwaka 1981 hadithi hizo zilifanywa mchezo wa masimulizi. Mwaka 1987 ukatoka mchezo wa ubao uitwao Arkham Horror. Na mwaka 2013 ukatoka mwingine, Eldritch Horror, ambao ubao wake ni ramani ya dunia nzima katika mwaka 1926.

Nikueleze jinsi mchezo huo wa mwaka 2013 unavyokwenda. Kila mchezaji huchukua nafasi ya mpelelezi mmoja, mwenye kiasi maalumu cha afya ya mwili na kiasi maalumu cha utimamu wa akili. Wapelelezi husafiri kwa meli na reli, hukusanya dalili, na hupigana na majini. Mtu akipatwa na jambo, hutupa dadu, na 5 au 6 ndiyo salama yake. Pembeni mwa ubao imo alama ya maangamizi, nayo hushuka kidogo kidogo. Ikifika mwisho kabla mafumbo hayajafumbuliwa, mzimu mkuu huamka, na hapo mambo huwa mazito kwa wote. Hakuna mshindi mmoja. Ama wote wameokoka, ama wote wameangamia.

Tuweke jiwe la kwanza mizanini. Je, mambo hufuatana kwa sababu? Hapa mchezo unapungukiwa. Mchezaji aliyeko London huchota karata, akasoma kwamba amekutana na mtu wa ajabu ukumbini. Zamu ijayo huchota karata nyingine, nayo haimkumbuki mtu yule wala haijui kama aliishi au alikufa. Ni kama shanga nzuri zilizokosa uzi. Ni kweli alama ya maangamizi huleta mfuatano wa namna fulani, kwa sababu kila mtu anaona muda unavyokwisha. Lakini kazi ya kuutia uzi wameachiwa wachezaji. Wakiwa watu wa maneno, watasema, “Yule uliyemdhulumu juzi ndiye aliyekuletea balaa hili,” na hadithi itashikana. Wakiwa wazito wa maneno, watabaki wakihesabu namba tu.

Jiwe la pili lina habari njema zaidi. Ngano zetu hazikuwa za kusikilizwa kwa kimya. Msimulizi aliita “Paukwa!”, watoto wakaitika “Pakawa!”, akaimba wimbo wa zimwi, wao wakapokea. Kitabu kilipokuja kilituletea faida nyingi, lakini kilimtenga msomaji peke yake pembeni. Mchezo wa mezani umewarudisha watu kwenye duara. Anayesoma karata hushusha sauti, mwenzake hufunika uso, wa tatu hucheka kwa wasiwasi. Na dadu linapobiringika hakuna anayepumua. Zaidi ya hayo, hofu hiyo hubebwa na wote. Mtu akikaribia kuangamia, mwenziwe huacha faida yake akaenda kumwokoa. Kwa jiwe hili mchezo unastahili sifa. Atakayesema kwamba ni upuuzi wa kigeni usio na asili kwetu hajalitazama lile duara.

Sasa tulitwae jiwe la tatu. Tuutazame ubao wa Eldritch Horror. London ina jina lake, Roma ina jina lake, hata Istanbul, Shanghai, Tokyo, Sydney na Buenos Aires. Lakini bara letu, ukiziacha piramidi za Misri, lina nini? Lina mahali paitwapo Moyo wa Afrika. Hapana mji wenye jina, hapana mtaa, hapana kituo cha reli. Ni pori la kuendewa na wapelelezi watokao kwingine, wapatwe na mikasa, kisha warudi kwao. Na hali mwaka huo wa 1926 Nairobi ilikuwa na umri wa miaka 27 tangu reli ilipoifikia mwaka 1899. Ilikuwa na soko, mahakama, magazeti, hoteli, na maelfu ya wakazi wa mataifa mbalimbali.

Labda utasema kwamba huo ni ubao mmoja tu, na nafasi juu yake ni ndogo. Basi natuutazame mchezo mwingine wa jamii hiyo hiyo, ulioitaja Nairobi kwa jina lake. Mwaka 1984 kilitoka kitabu cha mchezo wa masimulizi kiitwacho Masks of Nyarlathotep. Mchezo huu hauna ubao hasa. Una ramani, barua, vipande vya magazeti na dadu, na mtu mmoja huwasimulia wenzake. Visa vyake ni vya mwaka 1925, na sura yake moja ni ya Kenya. Wapelelezi hushuka Mombasa, hupanda gari la moshi, huwasili Nairobi, wakitafuta siri ya msafara wa Wamarekani waliouawa barani. Serikali ya mchezoni imekwisha wanyonga watu wa kabila la Wanandi kwa kosa hilo, kumbe wauaji ni kundi la waabudu wa jinamizi lililoko mlimani.

Uzi wa kisa hiki umefumwa vizuri kuliko wa karata, na kina busara fulani pia, kwa kuwa kinaonyesha serikali ya kikoloni ikiwaua wasio na hatia. Tena Johnstone Kenyatta mwenyewe anatokea humo kuwasaidia wageni. Katika historia ya kweli, miaka ya 1920 Kenyatta alikuwa akisoma mita za maji kwa ajili ya Baraza la Mji wa Nairobi, naye alikuwa na duka lake huko Dagoretti, magharibi ya mji. Lakini ukiuliza hofu imewekwa wapi, jibu ni lile lile. Kiini cha uovu kimewekwa katika ibada ya Waafrika, milimani, gizani. Tusishangae sana, kwa maana Lovecraft, babu wa michezo hii, aliwadharau watu weusi na wageni, na dharau hiyo imo katika barua zake na katika baadhi ya hadithi zake. Anayerithi shamba hurithi na magugu.

Ni haki basi tuulize: watu wa Nairobi wa miaka ile wao waliogopa nini? Hapa historia inatupa majibu matatu, na kila moja linafaa kutafakariwa.

La kwanza ni simba. Ukifika Makumbusho ya Reli katikati ya Nairobi, utaliona behewa la zamani. Mwezi wa Juni 1900, katika kituo cha Kima, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala ndani ya behewa akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamshinda, simba akaingia, akamburura nje kupitia dirishani. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1898, simba wawili wa Tsavo walikuwa wamewatisha wajenzi wa reli hata kazi ikasimama. J. H. Patterson aliwaua mwezi wa Desemba mwaka huo, na mwaka 1907 alitoa kitabu. Humo alisema kwamba waliliwa Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hesabu yao rasmi haikuwekwa. Baadaye idadi iliyotajwa ilipanda hata ikafika 135. Mwaka 2009 wataalamu walioichunguza mifupa na manyoya ya simba hao, yaliyohifadhiwa Chicago, walikadiria watu kama 35. Hadithi ya kutisha, basi, ikiachwa hukua kama mkia wa samaki wa mvuvi. Lakini kubwa zaidi ni lile alilolikiri Patterson kama kwa kupita: kwamba walikuwako watu walioliwa na simba, na hakuna aliyewahesabu.

Jibu la pili ni mumiani. Neno hili asili yake ni ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni dawa nyeusi mithili ya gundi. Kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939 iliitaja dawa hiyo, pamoja na imani ya watu kwamba imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika Nairobi ya wakati wa ukoloni ilivuma habari kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwaka 2000 mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu kizima juu ya habari hizi, baada ya kuzungumza na wazee wengi wa Kenya na Uganda. Wazimamoto hawakunyonya damu ya mtu. Lakini hofu ile ilikuwa na maana yake. Watu waliofanyishwa kazi kwa ujira mdogo, waliotozwa kodi ya kichwa na ya nyumba, walioona magari na vyombo vya serikali wasivyoelezwa kazi yake, walisema kwa lugha ya hadithi kile walichokiona kwa macho: kwamba ziko nguvu mjini zinazofyonza uhai wao.

Jibu la tatu si hadithi. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyepinga kipande, ongezeko la kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi. Tarehe 16 watu kwa maelfu walikusanyika mbele ya kambi ya polisi, karibu na palipo leo Kituo Kikuu cha Polisi na Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanaume walipoanza kusitasita, mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, alisimama akawatahayarisha na kuwaongoza mbele. Askari walipiga risasi, naye akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilitaja watu 21 waliokufa. Wengine walisema ni wengi zaidi ya hao. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, iko hapo hapo jirani, na barabara inayopita mbele yake sasa inaitwa kwa jina la Harry Thuku.

Sasa yalinganishe. Ubao wa mwaka 1926 umeacha pengo jeupe mahali pa mji ambao miaka 4 tu kabla ya hapo umemwaga damu. Kisa cha mwaka 1925 kimeweka jinamizi mlimani, na huku miaka 3 kabla yake hatari ilikuwa mjini, mchana kweupe, mikononi mwa serikali. Wala sisemi kwamba watungaji wa michezo wamelazimika kuandika vitabu vya historia. Hadithi ya kubuni ina ruhusa ya kubuni. Lakini haina ruhusa ya kumfanya mtu mzima kuwa pori, kwa sababu msikilizaji akizoea kuogopa pori, hawezi kuwahurumia watu wanaoishi humo.

Hukumu yangu basi ni hii. Mchezo wa kutisha wa mezani ni hadithi kwelikweli, na anayeukataa jina hilo anakosea. Kwa mfuatano wa mambo ni dhaifu, na hutegemea ulimi wa wachezaji. Kwa ushirika ni hodari, na unafanana na ngano kuliko unavyofanana na riwaya. Kwa haki ya majina bado una deni kwetu, na deni hilo halitalipwa na wenye kiwanda walioko mbali. Litalipwa nasi wenyewe.

Ndiyo maana nakupa kazi, msomaji. Chukua karatasi kubwa, kalamu na dadu moja. Chora njia inayoanzia kwenye Makumbusho ya Reli, ikapita katikati ya mji hadi mahali alipoanguka Muthoni Nyanjiru, ikapanda kilima yalipo Makumbusho ya Taifa, ikateremka Westlands, ikageukia Kangemi na Kawangware, ikaishia Dagoretti. Katika kila kituo andika karata moja ya jambo la kweli na moja ya uvumi, na mchezaji azipambanue kabla ya kusonga mbele. Waulize wazee wa mtaani kwenu waliogopa nini walipokuwa watoto, na wazazi wao waliogopa nini kabla yao. Utakapofika penye wafu wasiohesabiwa, usiweke sanamu ya jini. Acha nafasi, na uandike kwamba hapa walikuwako watu.

Kisha waite wenzako, mkae duarani, mcheze. Mtaogopa, na hilo ni jema. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nami naongeza kwamba ni heri zaidi nawe ulijue zimwi lako: jina lake, mwaka wake, na mahali lilipoketi. Aliyelijua zimwi lake hatalitafuta mlimani siku litakapokuwa limekaa barazani.